Sifa za Mpangaji wa Chini

Kwanza ni vile viatu.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, ile mvua ya nchi za watu isiyo na haya, na kila aliyekuja kuona chumba Jumamosi ile aliacha dimbwi ukumbini. Mtu wa saba aliingia, akavua viatu bila kuambiwa, akavipanga ukutani kwa adabu. Vilikuwa vikavu. Tena si vya kupanguswa. Vilikuwa na vumbi, vumbi jekundu laini, na mji ule haukuwa umeona vumbi kwa miezi minne.

Mama Kasuku aliviona. Yeye ndiye aliyejipa ukaguzi wa viatu, maana alidai mdomo unaweza kudanganya lakini soli haiwezi. Akamfuata mumewe jikoni, akamnong'oneza, "Huyu ana viatu vikavu kuliko vyako. Mchukue."

"Hata hajakaa, mke wangu."

"Basi mkalishe, halafu umchukue."

Hilo ndilo lilikuwa kosa lao la kwanza, na wala siwalaumu. Nani anaogopa kiatu kikavu?

Mumewe kila mtu alimwita Fundi. Alitengeneza lifti. Miaka kumi na miwili alikuwa ananing'inia kwenye mashimo ya maghorofa ya watu, grisi mpaka kwenye nyusi, ili siku moja awe na mlango wake mwenyewe huko ugenini. Akaupata. Nyumba nyembamba, imebanwa katikati ya nyumba nyingine, vyumba viwili juu, jiko na sebule katikati, na chini kabisa chumba kimoja chenye mlango wake wa kutokea barabarani. Miezi mitatu baada ya kuhamia, kampuni ikampunguzia zamu. Benki haikumpunguzia kitu. Ikawa ama chumba cha chini kipate mtu wa kukaa miaka, si wa kupita njia, ama nyumba iende. Na Fundi hajawahi kumpangisha mtu hata stuli.

"Mwenye nyumba!" mkewe alimtania kila asubuhi. "Mwenye nyumba, chai yako inapoa."

Mwenzake wa kazini alimpa fomu yenye maswali kumi na mawili. Waulize wote maswali yaleyale, alimwambia, piga picha kitambulisho, pigia simu kazini kwake, na mwisho mpigie mwenye nyumba alikotoka. Huyo wa mwisho ndiye atakayekupa ukweli wa mtu. Fundi akaishika fomu ile kama anavyoshika mchoro wa lifti, haruki hatua.

Na Jumamosi ile maskini alihenyeka. Wa kwanza alileta barua ya kazi ambayo jina la kampuni lilikuwa limeandikwa kwa namna mbili. Wa pili na wa tatu walikuwa wachumba. Waligombana juu ya nani atalala upande wa ukuta hata kabla ya kuuliza kodi. Wa nne alitaka kujua kama kuta zinapitisha sauti ya tarumbeta. Wa tano aliangalia dari, akasema "mh," akaenda zake. Wa sita alimtazama mtoto wa nyumba, akauliza kama yule huwa ananyamaza.

Swali la haki, kwa kweli. Mtoto alikuwa wa miaka sita, na waliompa jina la Kasuku hawakumwonea. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea na soksi zake. Jina lake halisi lipo, zuri sana, alipewa na bibi yake, lakini mimi sitalitaja, na mbele utaelewa kwa nini.

Basi mtu wa saba. Hakubonyeza kengele. Alisimama nje mvuani akasema, "Hodi."

Miaka kumi na miwili hakuna aliyewahi kumpigia Fundi hodi. Kule watu walibonyeza kengele na kusubiri kimya kama wadai. Moyo wa Fundi uliyeyuka pale pale. "Karibu!" akapaza sauti kutoka jikoni. "Karibu ndugu yangu, pita, pita ndani!"

Alikuwa mwembamba, koti la kijivu limefungwa vifungo mpaka kooni, sauti ya chini iliyotulia. Aliwaamkia kila mmoja kwa heshima yake, akamwuliza Mama Kasuku habari za uchovu wa wageni, akakataa chai mara mbili kisha akaipokea, ingawa baadaye kikombe kilikutwa kimejaa. Fundi akatoa fomu.

"Kazi yako?"

"Mkalimani wa simu. Mgonjwa yuko hospitali, haelewi lugha ya daktari, wananipigia, nawasemea wote wawili. Mtanisikia naongea kwa sauti nyingi. Msishangae."

"Mtakaa wangapi?"

"Nitaanza peke yangu."

"Kwa muda gani?"

"Nikipapenda mahali, huwa sihami mpaka nipate pengine."

Mama Kasuku alimkanyaga mumewe mguu chini ya meza kwa furaha. Huyo ndiye! Mtu wetu, mstaarabu, hana tarumbeta.

Hata hivyo Fundi hakuruka hatua. Alipiga simu kazini kwa yule bwana. Akapokea mwanamke mchangamfu aliyecheka mwisho wa kila sentensi, akamsifu mkalimani wake mpaka basi. Kisha akampigia mwenye nyumba wa zamani, mzee, naye mtu wetu pia. Fundi akamsomea maswali. Mzee akajibu kwa mkato: havuti, hanywi, hachelewi kodi, hana wageni. Halafu akauliza lake.

"Una watoto, mwanangu?"

"Mmoja, mzee."

Simu ikawa kimya muda mrefu mpaka Fundi akadhani imekatika.

"Mchukue," mzee akasema. "Hana kelele. Mchukue tu. Nisamehe, kuna mtu mlangoni."

Akakata. Fundi aliandika *hana kelele*, akapiga mstari chini yake. Jumatatu wakasaini.

Wiki mbili za kwanza ilikuwa raha. Kodi iliingia kabla ya siku yake. Hakukuwa na takataka mlangoni, wala mlango kubamizwa. Na kulikuwa na ile harufu. Ilianza ukumbini, ikapanda ngazi mpaka jikoni: harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi, ile inayokuja kabla tone la pili halijaanguka. Mama Kasuku alisimama na mwiko mkononi, macho yamemjaa machozi. "Baba Kasuku, unaisikia? Ni ya kwetu." Walifikiri ni uvumba fulani wa mpangaji. Walifungua mlango wa jiko makusudi ili iingie zaidi.

Bomba la joto lilitoka chumba cha chini, likapita pembeni ya jiko, likapanda juu. Kasuku alipenda kukaa hapo baada ya shule, mgongo kwenye bomba, maana palikuwa na joto. Sauti zilipanda kwa bomba lile: mpangaji akiwa kazini, leo mzee anayekohoa, kesho msichana, keshokutwa mtu anayebembeleza. Hodari kweli, walisema. Na Kasuku akawa anamjibu.

Alhamisi moja wakiwa mezani Kasuku akasema, "Mama, nipe kile."

"Kile nini?"

"Kile cha kulia uji."

"Kinaitwaje?"

Mtoto akafikiri. Akafungua mdomo, akaufunga. "Sina tena," akasema. "Aliniomba mjomba wa chini. Nimempa."

Walicheka! Mungu wangu, walicheka mpaka Fundi akapaliwa. Mama yake akampa kijiko, akamwambia haya, sema kijiko. Mtoto alimtazama mdomo, akajaribu, na kilichotoka kilikuwa pumzi tu.

Wiki ile ikaondoka na mlango. Ikaondoka na maji, na ndoo, na paka. Hakuwa anasahau jinsi wewe na mimi tunavyosahau, kwamba neno liko kwenye ncha ya ulimi. Mahali pa neno palikuwa patupu, naye alikuwa anaonyesha kwa kidole. Mwalimu wake akasema wala wasihofu, watoto wa lugha mbili huchanganyikiwa, na ndio maana yeye anawafundisha wote kwanza kujitambulisha: mtu mzima akikuuliza, taja jina lako lote, wazi, kwa sauti. Daktari akamwangalia masikio, akasema yaleyale ya lugha mbili. Nao wakakubali, maana kila mtu aliye ugenini ana hofu hiyo tayari, kwamba mwanawe ataipoteza lugha ya nyumbani, na ukishakuwa na hofu ya kawaida mkononi huendi kutafuta nyingine. Jioni Fundi akawa anamwonyesha vitu na kuvitaja, kiti, dirisha, sahani. Hakujua kwamba anamtajia na wa chini.

Siku aliyoelewa ilikuwa Jumapili, saa nane mchana, jua limetoka kidogo. Kasuku alikuwa amekaa mapajani mwake, kimya, anachezea kifungo cha shati lake. Siku tatu alikuwa hajasema zaidi ya "ile" na "huku." Mama yake alikuwa anakunja nguo. Na kutoka kwenye bomba, wazi, kwa furaha, ikapanda sauti ya Kasuku.

"Baba! Baba, njoo uone! Baba, paka anakunywa maji kwenye ndoo, fungua mlango, baba!"

Fundi alimtazama mtoto mapajani mwake. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti, na alikuwa anamtazama baba yake kwa macho ya mtu anayejua anachokitaka na hana cha kukiitia.

"Niite," Fundi akamwambia. "Mwanangu, niite mimi. Mimi ni nani?"

Mtoto akamgusa kifuani kwa kidole.

"Jamani," Mama Kasuku akanong'ona. "Jamani, mwanangu."

Fundi aliteremka ngazi akiwa na ufunguo wake wa akiba, amesahau adabu zote za kubisha, na harufu ile waliyokuwa wameifungulia mlango kwa mapenzi ikamlaki nusu ya njia, lakini sasa ikiwa nzito na baridi, si vumbi tena bali udongo uliofukuliwa kwa kina, udongo wa shimo, naye akafungua na kukuta chumba kama alivyokikabidhi, godoro bado ndani ya nailoni yake, taa haijawahi kuwashwa, na katikati kiti kimoja kimegeuzwa kuelekea bomba, na juu ya kiti amekaa mpangaji na koti lake limefungwa mpaka kooni, mdomo wazi, haucheki wala hautikisiki, na ndani ya mdomo ule Kasuku akiita baba, na mzee akikohoa, na yule mwanamke mchangamfu wa simu ya kazini akicheka mwisho wa sentensi ambayo hakuna aliyeianza. Viatu vilikuwa pembeni, vimepangwa, vikavu. Chini ya suruali hapakuwa na kitu.

Sauti zote zikakatika. "Mwenye nyumba," mpangaji akasema kwa ile sauti yake iliyotulia. "Tulikubaliana utapiga hodi."

"Toka nyumbani kwangu."

"Tuna mkataba."

"Mrudishie mtoto wangu..." Fundi alianza kwa ukali akamaliza kwa kulia. "Mrudishie. Chukua changu. Chukua yote niliyonayo mdomoni."

"Ya kwako yamechakaa," akasema mpangaji, bila dharau. "Funga mlango, kuna baridi."

Kati ya watu wetu mjini pale alikuwepo Mzee wa Miwani. Siku za kazi alitengeneza miwani kwenye kibanda cha ndani ya soko; watu walipopatwa na mambo ya namna hii alifunga kibanda, akachukua mkoba wake. Alikuja kesho yake mchana. Alisimama mbele ya mlango wa chini, akasoma dua zake, akanyunyiza maji kizingitini, na Fundi aliona maji yale yakikauka kabla ya kugusa sakafu. Mzee akafuta miwani yake. Akasoma tena, kwa sauti ya juu zaidi, jasho linamtoka. Kisha akaomba aonyeshwe mkataba.

Aliusoma wote, ukurasa kwa ukurasa, jikoni, huku Mama Kasuku amempakata mtoto.

"Mimi hutoa wavamizi," akasema mwishowe, kwa sauti ya kunong'ona. "Jini aliyeingia kwa nguvu, namtoa kwa nguvu. Huyu ulimkaribisha, baba. Ukamhoji, ukamsainisha, ukampa na funguo. Nitamtolea wapi?"

"Kwa hiyo tuhame sisi?"

"Mkihama mtakwenda naye. Yuko ndani ya mtoto zaidi kuliko ndani ya chumba." Akavua miwani. "Viumbe wa namna hii nimewasikia. Hutoka kwa njia waliyoingilia. Aliyekuwa naye alimsifu kwako, ukamkubali, akamtoka. Na wewe utamsifu kwa mwingine. Yule akikubali, huyu atakuwa hana neno hapa."

"Na maneno ya mtoto?"

"Yatarudi, kama bado hajampa jina lake. Jina huombwa mwisho. Akishalitoa, ndiyo basi, hata mpangaji akienda. Na ukishamsifu usije ukageuza kauli, maana atarudi kwako."

Mama Kasuku alimkumbatia mtoto mpaka mtoto akaguna. "Usimwambie jina lako," akamnong'oneza. "Wa chini akikuuliza, usimwambie. Umenielewa, mama?" Kasuku akaitikia kwa kichwa. Lakini alikuwa anaitikia kwa kichwa kila kitu siku hizo.

Fundi akatoka nje barabarani, akampigia yule mzee, mwenye nyumba wa zamani. Simu iliita mara nyingi.

"Ulijua," Fundi akasema.

"Nilijua."

"Mzee mzima! Ulijua na ukaniambia hana kelele!"

"Nina mjukuu," mzee akasema. "Alikuwa amebakiwa na jina tu. Sasa hivi yuko hapa anaimba, unamsikia?" Na kweli nyuma yake palikuwa na mtoto anaimba ovyo ovyo. "Nilikuuliza kama una watoto. Nilitamani useme huna. Uliposema mmoja, nikasema basi, mmoja kwa mmoja. Nitukane, mwanangu. Nina haki yangu ya kutukanwa."

Fundi hakumtukana. Aliapa tu pale barabarani, mvua inamlowesha, kwamba yeye hatafanya vile. Mtu mwenye watoto akipiga simu, atasema ukweli. Atasubiri asiye nao.

Siku mbili baadaye bomba liliongea asubuhi wakati wa chai, kwa sauti ya Kasuku mwenyewe. "Mwenye nyumba, nimepata pakubwa zaidi. Leo watakupigia kuniulizia. Utasema utakavyo."

Simu iliita saa kumi. Fundi alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, mikono yote grisi, kwa hiyo aliiweka mezani akaibonyeza kwa kifundo cha kidole ili isikike kwa spika. Mama Kasuku alikuwa amekaa sakafuni na mtoto, mbali na bomba kadiri jiko lile dogo lilivyoruhusu.

"Samahani kwa usumbufu, kaka yangu!" Mwanamke kijana, mtu wetu, amechangamka. "Ndiyo mara yangu ya kwanza kupangisha, yaani hata sijui naanzia wapi. Nimepewa fomu hapa, ina maswali kumi na mawili, usinichoke."

"Uliza, dada."

"Anavuta?"

"Hapana."

"Wageni?"

"Hana."

Na kutoka kwenye bomba, polepole, kwa upole wa mjomba anayejua kubembeleza, ikapanda sauti ile iliyotulia: "Na wewe, unaitwa nani?"

Kasuku aliinua kichwa.

"Kodi analipa kwa wakati?"

"Hachelewi," Fundi akasema, macho kwa mtoto.

"Unaitwa nani, mwanangu? Niambie. Nimesahau kukuuliza siku zote hizi."

Mama Kasuku alimziba mtoto mdomo. Mtoto akahangaika, akaanza kung'ang'ana kwa nguvu ambazo hazikuwa za miaka sita, shingo imekakamaa, na mama yake akamlalia mzima mzima pale sakafuni huku akimwangalia mumewe, haongei, ila macho yake yanapiga kelele fanya haraka, fanya haraka, na yule dada wa watu anasoma swali la tisa, la uharibifu wa ukuta, na la kumi, la majirani, anacheka kidogo kwa aibu yake ya ugeni wa kazi, na bomba linauliza unaitwa nani, unaitwa nani, na vidole vya mama vinaanza kuteleza kwa machozi na mate ya mtoto, na Fundi akasikia sauti yake mwenyewe, yeye aliyeapa, inauliza swali ambalo halimo kwenye fomu.

"Una watoto?"

"Wawili!" dada akasema. "Mapacha, kaka yangu. Wametimiza miaka miwili juzi, ndiyo wanaanza kusema. Nyumba nzima ni kelele."

Mkono wa Mama Kasuku ukaponyoka. Mtoto akavuta pumzi, akafungua mdomo, na sauti ya kwanza ya jina lake ikatoka.

"Mchukue!" Fundi akapiga ukelele. "Mchukue, dada! Ni mtu mzuri. Hana kelele. Mchukue leo hii."

"Alhamdulillahi! Basi nimekubali. Asante sana, umenitoa wasiwasi."

Bomba likanyamaza. Chini, mlango ukafunguliwa na kufungwa taratibu. Kisha mlango wa juu ukabishwa, na sauti ikasema hodi.

"Nisamehe," Fundi akamwambia yule dada. "Kuna mtu mlangoni."

Mpangaji alikuwa amesimama mvuani na koti la kijivu, ameshika funguo kwa mikono miwili, kama anavyopaswa mtu mwenye adabu. Alizikabidhi. Viatu vyake vilikuwa vikavu. "Sina malalamiko," akasema, akaondoka kwa miguu kuelekea upande wa stesheni.

Nyuma ya Fundi mtu mdogo akakohoa. "Baba," akasema Kasuku. "Baba, mama amenilalia, ameniumiza hapa. Baba, kwa nini unalia? Nataka maji. Nataka kijiko changu kile cha bluu."

Alipiga magoti pale pale ukumbini, akamshika, na grisi ikampaka mtoto mabega yote.

Chumba cha chini hawakukipangisha tena. Fundi alitafuta kazi ya pili, akawa analala saa nne kwa siku, na Mama Kasuku akaacha kumwita mwenye nyumba. Ile namba ya yule dada aliihifadhi. Mara nyingi aliiangalia wakati wa mapumziko, amekaa juu ya paa la lifti, kidole hewani. Akipiga kumwonya, mpangaji atarudi. Asipopiga, ni mapacha. Kila siku hakupiga, na kila siku alirudi nyumbani mbio kusikia kama Kasuku bado anaongea. Aliongea! Aliongea mpaka majirani wakagonga ukuta, na baba yake alimwachia.

Mwezi wa tatu tangu mpangaji aondoke, mchana wa Jumamosi, Fundi yuko jikoni anasafisha kifaa cha kazi, Mama Kasuku yuko juu anaoga. Simu iliyokuwa mezani ikaita. Ilikuwa namba ile.

Aliitazama. Yule mzee alipokea nilipompigia, akajiambia. Angalau hilo. Angalau nimweleze njia ya kutokea. Akabonyeza spika kwa kifundo cha kidole.

"Samahani kwa usumbufu, kaka yangu!" akasema yule dada, amechangamka. "Ndiyo mara yangu ya kwanza kupangisha, yaani hata sijui naanzia wapi."

Maneno yaleyale. Na kile kicheko kidogo cha aibu, kikaangukia mahali palepale.

"Dada," Fundi akasema. "Watoto hawajambo?"

Harufu ya udongo ikapita juu ya meza. Kisha sauti mbili ndogo zikasema kwa pamoja, zimenyooka, hazina kitembe hata kidogo, "Hatujambo."

Hapo Fundi akaelewa kwamba katika nyumba ile hakuna tena mtu wa kuonywa.

"Baba, nani huyo?" Kasuku alikuwa amesimama mlangoni na mdoli wake. "Ni watoto? Baba, ni watoto wa wapi?"

"Na wewe," ikauliza moja ya zile sauti ndogo, kwa upendo, kama mtoto anayetafuta mwenzake wa kucheza, "unaitwa nani?"

Fundi aliirukia simu kwa mikono yote miwili, na grisi ikaifanya imponyoke, ikateleza mpaka ukingoni mwa meza, ikaanguka miguuni kwa mwanawe. Na Kasuku, ambaye kwa miezi mitatu hakuna aliyekuwa amemnyamazisha, akainama akataja jina lake lote, la kwake, la baba na la babu, wazi na kwa sauti, kama alivyofundishwa shuleni.